Kumpelekea Mama Mkwe Gitaa Fupi

Kila mmoja wenu pale gereji amesikia kipande chake cha safari hii, na nimegundua vipande vyenyewe havifanani. Mmoja anasema nilikwenda Arua kumrudisha mke kwa nguvu. Mwingine anasema nimekuwa mwanamuziki uzeeni. La kwanza si kweli kabisa, la pili lina ukweli kidogo. Basi naandika mara moja yaishe, na kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha tunayogombania pale, Wakenya, Wakongo na sisi wa hapa. Shule yangu mnajua iliishia wapi. Mahali nitakapopanga vibaya, pangeni wenyewe.

Kwa atakayesomewa na hanijui: nashona viti vya magari Katwe, na nyumba yangu iko Lubaga. Baba yangu alikuwa wa wale Waswahili ambao babu zao walikuja Buganda na biashara wakabaki. Mama yangu ni Muganda. Mke wangu, Mama Jamila, ni Mlugbara wa Arua, kule West Nile, kaskazini-magharibi. Mama yake alianguka akavunjika nyonga, na Mama Jamila akaenda kumuuguza. Mwezi ukazaa miezi. Nikamwambia kwa simu amlete mama Kampala, chumba kipo.

"Amekataa," akasema. "Anasema hawezi kwenda kulala kwa mtu anayemkimbia. Na mimi siwezi kumwacha peke yake. Kwa hiyo, Baba Jamila, jizoeze kupika."

Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana niliogopa.

Na kumkimbia ni kweli, nilikuwa namkimbia. Kwa Waganda, mwanamume na mama mkwe wake hawagusani, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Mkikutana njiani mmoja anapisha. Bibi yangu aliyenilea alisema wakikaribiana mwili huingiwa na kutetemeka, na alinionyesha mzee mmoja jirani yetu kama ushahidi. Sijui kama yule mzee alitetemeka kwa sababu hiyo au kwa pombe ya waragi, lakini somo liliingia. Mama mkwe alipofika kwetu mara ya kwanza, nilisikia sauti yake sebuleni nikatoka kwa dirisha la jikoni. Kwangu ile ilikuwa heshima ya juu. Sikuwahi kufikiria inaonekanaje kwa mgeni aliyebaki ndani akilitazama dirisha.

Kupima kiti

Habari ya gitaa ilitoka kwa Mama Jamila, tena bila kukusudia. Aliniambia mama anashinda kwenye kiti chake cha mbao, na vidole vya mkono wa kushoto vinabonyeza ule mkono wa kiti, vinahama, vinabonyeza tena. Zamani walipokuwa wakikaa kambi ya polisi, marehemu mzee alikuwa na gitaa, akamfundisha mkewe. Walipokimbilia Kongo wakati wa vita, gitaa lilibaki njiani.

Hapo ndipo nilipopata wazo, na kama mawazo yangu mengi, sikuwa na hakika nalo. Mimi mwenyewe napiga gitaa kidogo. Najua sehemu tatu za kubonyeza, na kutoka moja kwenda nyingine huwa nachelewa. Lakini nilijua hili: gitaa la kawaida lina tumbo pana, na mtu mwenye nyonga mbovu, kwenye kiti chenye mikono, hataweza kulipakata. Ilibidi nipate lile fupi la wasafiri.

Fupi kiasi gani? Fundi anapima. Ila mimi ningeanzaje kumwambia mke wangu ampime mama yake mapaja na kiwiko aniletee habari? Aibu hiyo ningeipeleka wapi? Nikamwambia, "Nipimie kiti." Akanipimia kiti, kutoka mkono hadi mkono, na kutoka kikalio hadi ukingo. Nikaandika kwenye kiganja kama ninavyofanya kazini.

Duka la magitaa liko juu ghorofani, ukitoka soko la Nakasero unapanda. Muuzaji ni mtu wa makamo, mpole. Nilimwomba stuli na makreti mawili ya soda. Nikaweka makreti pande mbili za stuli, nikapima nafasi ile ile ya kiti cha Arua, nikakaa katikati. Wateja wengine waliacha kujaribu vinanda wakanitazama.

"Ssebo," muuzaji akasema, yaani bwana, "unanunua gitaa au unajenga?"

"Leta fupi zote."

La kwanza halikuingia. La pili liliingia lakini lililia kama debe la biskuti. La tatu na la nne yaliingia yote mawili, na hapo taabu ikaanza. Moja lina nyuzi za nailoni, laini, na jingine la chuma. Muuzaji alinishauri nailoni kwa vidole vya mzee. Ushauri mzuri, siwezi kusema vinginevyo. Lakini Mama Jamila alikuwa amenisimulia kwamba gitaa la kambini lilifungwa waya za breki ya baiskeli. Nikajiambia, mtu aliyeanzia kwenye breki ya baiskeli, ukimpa nailoni ataona umempa mdoli. Nikachukua la chuma. Mpaka nafika Arua sikujua kama nimefanya sawa.

"Jua hili lakini," muuzaji akaniambia wakati analivika mfuko wa kitambaa. "Sauti yake ni ya chumbani. Akipiga sebuleni, aliye uani hasikii. Ni la mjukuu?"

"La mama mkwe."

Akaacha zipu katikati. Naye Muganda. "Mama mkwe wako? Na utampaje?"

"Nitaliweka chini, alichukue."

Akamaliza kufunga zipu. "Sawa," akasema, "lakini liweke chini polepole."

Kampala hadi Kafu

Basi lilikuwa liondoke asubuhi na mapema. Liliondoka lilipojaa, na lilijaa lilipotaka. Kiti changu, kwa macho ya kazi, kilikuwa kimeshonwa na mtu mwenye haraka. Sponji ilikuwa imekatika katikati, ukikaa unateremka kuelekea dirishani. Simlaumu aliyeshona. Labda alipewa sponji hiyo hiyo.

Jirani yangu alikuwa mama mmoja wa Kikongo, Mama Furaha, anayetoka kununua viatu na sahani za plastiki Kampala kwenda kuuza Ariwara, ng'ambo ya mpaka. Alinitazama nilivyolikumbatia gitaa.

"Papa, unabeba ile kitu kama mtoto mgonjwa. Ile njo nini?"

Nikamwambia. Nikamwambia pia ni la nani, na kwamba nimepanga nikifika nimpigie mama mkwe wimbo mmoja mwenyewe, kutoka uani, ili ajue sikumkimbia kwa dharau. Sijui kwa nini nilimwambia yote hayo. Basi lina jambo lake, unamweleza mtu usiyemjua yale uliyomficha ndugu.

"Wimbo moja tu?"

"Ninaujua mmoja."

"Basi upige vizuri," akasema, akafunga macho akalala.

Luweero tulinunua mananasi kupitia dirishani. Kabla ya mto Kafu, mkanda wa injini ukakatika. Dereva alishuka, akatazama, akarudi kuchukua koti lake, nasi tukajua ni kazi ndefu. Abiria walishuka wakatafuta vivuli. Nikaona ndiyo nafasi ya kufanya mazoezi, nikakaa kwenye jiwe nikaanza wimbo wangu.

Watu walisogea. Mtu mwenye gitaa barabarani huvuta watu hata kabla hawajamsikia, na nadhani wengine walirudi nyuma baada ya kunisikia. Mzee mmoja aliyevaa suti, anayekwenda Nebbi mazishini, alivumilia hadi mwisho. Kisha akasema kwa upole sana, "Mwanangu, unapiga kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu."

"Nifanye nini, mzee?"

"Mimi si mpigaji. Nakuambia tu ninavyosikia."

Alikuwa na haki. Vidole vyangu vinafika, vinasimama, vinangoja jibu. Nilirudisha gitaa mfukoni. Mama Furaha, ambaye sikujua kama ameamka, akanikatia nanasi.

"Usisikie vibaya," akasema. "Huyu mzee anaenda mazishi. Leo hata malaika ingemchosha."

Kwa hakika sidhani ndiyo sababu, lakini nilikula nanasi.

Darajani Karuma

Mkanda mpya uliletwa na pikipiki, tukaondoka. Karuma, kabla ya daraja, nyani walikuwa wamekaa kando ya barabara kama wenye nyumba, wakingoja maganda. Askari wakatusimamisha, tukashuka na mizigo ya mkononi.

"Hiyo nini?"

"Gitaa, afande."

"Gitaa gani fupi hivi? Fungua."

Nikafungua. Alilitikisa karibu na sikio, akachungulia tundu la katikati kwa tochi ingawa jua lilikuwa kali. Hakunionea, kazi yake ni kuchungulia. Kisha akasema, "Piga."

Nikapiga mwanzo wa wimbo wangu, huku basi zima limesimama nyuma yangu. Askari alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Ni gitaa," akamwambia mwenzake. Kisha akanigeukia. "Mpigaji ndiye bado."

Abiria walicheka hadi tukavuka Nile. Nami nilicheka, lakini ndani nilianza kuhesabu mambo upya. Wawili wasiojuana, siku moja, wamesema neno moja. Na mimi nilikuwa nakwenda kuweka mke wangu na nyumba yangu juu ya wimbo huo.

Samaki wa Pakwach

Pakwach mnaijua kwa samaki. Basi halijasimama, wauzaji wameshafika madirishani na sinia vichwani, wa kukaanga, wa kukausha, wa moshi. Nilimwomba Mama Furaha anishikie gitaa nikaswali na kutafuta chai na muhogo.

Niliporudi nilimkuta ameketi, gitaa limelala magotini ndani ya mfuko wake, na juu ya gitaa kuna fungu la samaki wa kukaanga kwenye gazeti, chumvi, na pilipili. Anakula kwa utulivu.

"Mama Furaha."

"Karibu, papa. Iko nafasi."

"Mama, hilo ni gitaa."

"Najua. Uliniambia nishike. Nimeshika." Akaligonga kwa kidole. "Iko imara. Haikutikisika hata kidogo."

Mafuta yalikuwa yamepita gazeti, yamepita kitambaa. Nilihisi hasira, nakiri. Halafu nikafikiri, kila nafasi ya basi imejaa sahani zake, magoti ndiyo meza pekee aliyobakiwa nayo, na meza hiyo nimeikalia mimi kwa gitaa langu. Ukimsikiliza kwa upande wake, ana haki nusu. Alifungua mfuko mwenyewe, akalifuta gitaa kwa ncha ya kitenge chake polepole, kila pembe, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Kisha akanipa samaki mkubwa kuliko wote. Hata baada ya kufutwa, gitaa lilinuka Pakwach.

Tulipoagana Arua aliniambia, "Papa, mimi niko na wakwe wanne wanaume. Watatu wananiambia maneno tamu sana. Wa nne hajui kuongea, lakini anakaa. Yule wa nne njo ninapenda." Akaita bodaboda, akapakia mizigo yake, akaenda.

Arua, nje ya mlango

Mama Jamila alinipokea stendi. Alinikagua kwanza, kama nimekonda, kisha akanusa. "Umeleta samaki?"

"Gitaa."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Nilikuwa sijausikia ule mcheko ana kwa ana miezi mingi, na kama safari ingeishia hapo nisingelalamika.

Nyumbani kwao kuna nyumba ya matofali yenye mlango mmoja mkubwa na pazia. Nilikaa nje kwenye benchi, mgongo ukutani, mahali ambapo kutoka ndani siwezi kuonekana. Mama Jamila akaingia na gitaa. Nikasikia Kilugbara kirefu. Akatoka.

"Limeingia kwenye kiti," akasema. "Limebakisha nafasi ya kidole."

"Amesema nini?"

"Amesema gitaa hili limekula Pakwach kabla yake." Akachukua ndoo, akaenda bombani. Najua bomba haliko mbali, na najua ndani kulikuwa na maji. Simlaumu.

Nikabaki peke yangu. Nikasikia uzi mmoja, kwa mbali sana, kama mbu. Muuzaji alikuwa amesema kweli, kutoka pale ukutani sikusikia zaidi ya hivyo. Nikabandika sikio matofalini. Alikuwa anakaza nyuzi moja moja. Kisha ikaja sauti ya mama mkwe, kwa Kiswahili cha kambini, kikavu.

"Baba Jamila."

Nikasimama. Mguu mmoja ulikuwa umeshaelekea kwenye ua.

"Usikimbie. Mimi mguu ni mbovu, siwezi kukufukuza."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Hiyo shikamoo nimeingoja tangu mmeoana." Hakusema kwa ukali. "Mwanangu, mimi nilikukosea nini? Nikiingia mbele unatoka nyuma. Siku ile hata mlango uliuona mbali, ukapita dirishani. Nikamwambia mwenzangu marehemu, huyu mtu wa Kampala ameona sisi watu wa West Nile ni washamba."

Niliongea na pazia. Nilimweleza yote ya bibi yangu, ya kutopeana mkono, ya kutetemeka. Nikamwambia kwetu kadiri unavyomheshimu mama mkwe ndivyo unavyopotea mbele yake, na kwamba mimi nilipotea sana. Nilijisikia mpumbavu, mtu mzima anaeleza pazia.

"Hata kwetu mkwe ana heshima zake," akasema. "Lakini anasalimia kwanza. Kwa hiyo ile ya dirisha ilikuwa heshima."

"Ndiyo, Mama."

"Kubwa?"

"Kubwa sana, Mama. Niliumia goti."

Nikasikia kitu ambacho mwanzoni nilidhani ni kikohozi. Alikuwa anacheka, na anajizuia kwa ajili ya nyonga.

Nikaona ndiyo wakati wa wimbo wangu. Nikamwambia, "Mama, nilipanga nikupigie."

"Mama Jamila ameniambia unavyopiga. Acha." Alisema hivyo tu. "Kuna chupa ya soda hapo dirishani kwa nje, na kijiko. Chukua. Mzee wangu akipiga gitaa, mimi nilikuwa chupa. Nikipiga mimi, yeye chupa. Gitaa bila chupa ni mtu anaongea peke yake."

Nikachukua. Akaanza. Nikagonga. Lakini pale nje nilisikia gitaa kwa vipande, nikawa nachelewa, nagonga pale ambapo yeye ameshapita. Akaacha. Akaanza tena, akaacha tena.

"Uko mbali. Hili gitaa lako halina sauti."

"Ni la chumbani, Mama. Waliniambia."

"Basi ingia chumbani."

Mkinicheka, chekeni, lakini nilisimama mbele ya pazia lile muda mrefu kuliko pale Karuma mbele ya askari. Bibi yangu aliyekufa alikuwa upande mmoja. Upande wa pili alikuwa mama mzima na gitaa, akingoja. Sikuona nani ana makosa. Mpaka leo sioni. Nikafikiri juu ya Mama Jamila kule bombani na ndoo iliyokwishajaa zamani. Nikainua pazia, nikaingia kwa kurudi nyuma, uso mlangoni, nikakaa chini sakafuni nimempa mgongo. Ndivyo nilivyoweza.

Mama akaanza kupiga.

Sasa niwaambie ukweli: hakupiga vizuri. Vidole vilikuwa vimelainika na nyuzi za chuma zilimwuma, nilimsikia akivuta pumzi kwa meno. Mara mbili alisahau akarudi nyuma kutafuta. Lakini hakuwa anabisha hodi. Alikuwa anatembea ndani ya nyumba anayoijua, gizani, anapapasa fanicha. Nami nikagonga chupa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya muziki sikuchelewa. Mikono ilitetemeka, ndiyo. Kijiko kilisaidiwa na huko kutetemeka.

Alipomaliza nilikuwa nimegeuka. Sijui niligeuka lini. Alikuwa ananitazama, mama mwembamba kuliko nilivyodhani, ananyonya kidole kilichoumia. Sikuwahi kumwona usoni hivyo. Mama Jamila ana macho yale yale.

"Ulichaguaje mpaka likaingia kwenye kiti?" akauliza.

"Nilipima kiti, Mama."

"Kwa nini hukunipima mimi?"

Nikageuza tena uso mlangoni. Akaelewa, akatikisa kichwa. Mama Jamila alipoingia na ndoo yake alitukuta hivyo, akasimama na maji kichwani, hayamwagiki.

"Mwanangu," mama akamwambia, "nitakwenda Kampala. Nikae hadi nitembee vizuri. Lakini nimwambie huyu kabla sijabadili mawazo: nikiona mtu anakula nje kwa sababu yangu, napanda basi siku hiyo hiyo, na gongo langu la kutembelea."

Lubaga

Safari ya kurudi haina mengi. Tulimweka mama mbele karibu na dereva, miguu ipate nafasi, na nilimshonea mto wa nyonga kwa sponji nzima. Basi halikuharibika. Watu walishangaa.

Mnaouliza kama sasa nimezoea, jibu ni hapana. Ndani ya wiki ya kwanza nilikula naye ndani, macho kwenye sahani, nusu chakula kikibaki. Juzi nilirudi kutoka kazini nimechoka, mazoea ya zamani yakanishinda. Nikapokea sahani yangu jikoni, nikatoka nayo uani, nikakaa kwenye benchi bila hata kufikiri. Niligundua nimefanya nini niliposikia gongo.

Alikuja polepole, mlango, kizingiti, ngazi moja. Mama Jamila yuko nyuma yake amebeba sahani ya pili na uso wa mtu anayengoja mvua. Nilidhani sasa ataomba apelekwe stendi.

Akafika mbele ya benchi. Akalitazama, kisha akanitazama mimi niliyekaa katikati.

"Huku kuna upepo mzuri," akasema.

Nikasogea.